Springi au Mpira

Kilifi,
4 Februari 1956

Mpendwa Mjomba Dalmas,

Salamu nyingi ziwafikie hapo landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, wewe na Mama Situma na watoto, na mama yangu Milcah, ambaye najua ameketi kando yako sasa hivi akikuhimiza usome polepole. Mama, mimi ni mzima na ninakula vizuri. Joto la huku ni jingi hata blanketi uliyonipa nimeigeuza mto. Gadi Kipkemei wa treni ya Mombasa ameniambia kwamba Situma anatahiriwa mwaka huu. Mwambieni asitikisike akatuaibisha mbele ya ukoo.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Tangu mzungu wetu Bwana Kofia auze shamba la ngano la Njoro na kunileta huku pwani, hana kazi nyingine ila kuwinda samaki chini ya maji. Anavaa miwani ya kioo inayofunika macho na pua, anavaa viatu vya mpira vipana kama nyayo za bata, anazama na bunduki isiyo na risasi. Inarusha mkuki. Lakini mwezi uliopita daktari alimkataza, moyo wake umechoka. Basi amesema nitazama mimi badala yake, maana aliwahi kuniona nikiogelea katika bwawa la Njoro wakati nilipotakiwa kuchunga ndama. Siku ile alinichapa. Leo ananisifu.

Duka moja limemletea bunduki mbili, na ameniambia nichague moja iwe yangu ya kazi, nyingine irudishwe. Ya kwanza ni ya springi. Ni bomba la chuma lenye springi ndefu ndani. Unaweka kitako pajani, unashika mkuki kwa mikono miwili na kuusukuma ndani kutoka mdomoni, mpaka usikie “ta”, triga ya kufyatulia imeushika. Ya pili ni ya mpira. Mkuki umelala juu ya kipande cha mti, nawe unauvuta mpira kuja kwako mpaka unase kwenye mkuki. Hii ya mpira ni nyepesi, na mikono inabaki nyuma ya ncha. Ya springi inanitisha kidogo kwa kuwa wakati wa kuijaza natazamana na mdomo wake.

Lakini mimi najua nini? Wewe ndiye fundi wa springi za reli. Nichagulie, Mjomba. Nitachukua utakayosema.

Mpwa wako,
Khisa

---

Nakuru,
19 Februari 1956

Mpwa wangu Khisa,

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa mama yako na mara moja peke yangu kwa raha. Hatujambo. Kiangazi kimekaza, upepo unainua magadi ya ziwani na kuyamwaga katika uji wetu. Nalo ziwa lenyewe, unalijua, lina ndege wengi ajabu na hakuna hata samaki mmoja wa kutia sufuriani. Mama yako ameanza kwenda kanisa la Marafiki na Mama Situma, na amepata wa kuzungumza nao. Bado anaota Njoro, lakini halii tena.

Nilikwenda na swali lako karakana. Wakati wa chakula tulilikalia, mimi na Kosgei wa mabomba na wengine wawili. Kosgei akasema chukua ya mpira. Nikamwuliza, umewahi kuona mpira uliozeeka vizuri? Akarudi kwenye ugali wake. Khisa, mimi kila siku ninabadilisha mipira ya breki za mabehewa. Kwa nje unaona mpira mweusi, mzima, unang'aa. Ukiukunja unapasuka mkononi. Jua linaula, mafuta yanaula, na haukuambii kitu. Chuma kina adabu. Kikitaka kuvunjika kitalia kwanza, kitapinda, fundi mwenye masikio atakisikia.

Juu ya kutazamana na mdomo wake, huo ni woga wa mtu ambaye hajazoea chombo. Mimi nilipoanza kazi niliogopa hata nyundo. Sukuma mkuki sawasawa, miguu imara, usiwe na wasiwasi.

Chukua ya springi. Mwambie Bwana Kofia ni neno la fundi.

Mama yako anauliza kama bahari ina chini. Nimemwambia inayo, karibu tu.

Mjomba wako,
Dalmas Khaemba

---

Kilifi,
30 Aprili 1956

Mpendwa Mjomba,

Natumaini mvua imewafikia na magadi yametulia. Huku maji yamechafuka kwa mvua, ndiyo sababu nimepata nafasi ya kuandika.

Nilichukua ya springi. Bwana alikunja uso kidogo, yeye alitaka ya mpira, lakini nilimwambia neno lako na akasema haya. Mjomba, ninyi mmekaa huko juu hamjui dunia ilivyo! Ukizama pale kwenye mawe, kelele zote zinakatika. Samaki wa rangi ya manjano wanakuja kukutazama usoni. Kuna mkubwa anaitwa tewa, anakaa katika pango lake na mdomo wake mpana, mwenye hasira kama Mama Situma asubuhi (hii usiisome kwa sauti). Wa kwanza nilimkosa. Wa pili nilimpata nyuma ya jicho. Nilipopanda naye Bwana alinipa mkono, mbele ya wageni wake. Ameanza kuniita kwa jina.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kule chini hakuna anayeniita boi. Hakuna anayenituma. Ninashika pumzi yangu mwenyewe na ninakwenda ninakotaka. Nikitoka ninasikia uzito wa mwili wangu na ninachukia kutoka.

Viganja vimeota sugu kwa kusukuma ule mkuki, springi ni ngumu kama ulivyo wewe. Masikio yanavuma jioni lakini yanapoa.

Kipkemei atawaletea gunia dogo la samaki wakavu. Mwambie mama nimelishona mwenyewe, kwa mshono wake ule wa magunia ya ngano.

Khisa

---

Nakuru,
27 Mei 1956

Mpwa wangu Khisa,

Samaki wamefika na landhi nzima imenuka kwa siku tatu. Majirani walikuja kututazama kwa huruma, wakaonja, wakarudi na bakuli zao. Mama yako hakula kwanza. Alichukua gunia, akapitisha vidole kwenye mshono wote mpaka mwisho, akakagua pale ulipofunga fundo, akasema, “Huyu ni wangu. Angalia, hakuruka hata tundu moja.” Ndipo akala. Gunia lenyewe amelikunja, liko chini ya mto wake.

Yale ya kule chini kwenye maji niliyasoma kimyakimya. Sikumsomea. Yeye angesikia tu kwamba hutaki kutoka. Hata mimi nilisikia hivyo, na sikupenda.

Sasa nisikilize. Chuma na maji ya chumvi nadhani havipendani. Nimekutumia kopo la grisi kwa mkono wa Kipkemei, ile nzito ya ekseli za magurudumu, nimemwomba msimamizi akanipa kwa hiari yake. Paka ndani ya bomba, paka kwenye springi, na kwenye triga paka kwa ukarimu. Injini zetu zinapanda milima ya Mau kwa grisi hiyo.

Na ukija likizo usithubutu kuibeba bunduki hiyo. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali haijaisha, stesheni wanapekua hata vikapu vya akina mama. Ukimweleza askari kwamba ni ya samaki, yeye atakuuliza Nakuru kuna samaki gani.

Hayo masikio yanayovuma, mwambie Bwana.

Dalmas

---

Kilifi,
29 Julai 1956

Mpendwa Mjomba,

Nawasalimu wote. Mama apokee salamu zake peke yake. Mimi sijambo, na najua mko katika shughuli za Situma, kwa hiyo sitawachosha.

Naomba shauri upesi. Triga imeanza kuchelewa. Ninaivuta, haitoki, halafu inatoka yenyewe nikiwa nimeshageuza mkono. Mara nyingine “ta” siisikii vizuri, nasikia kama inaguguna. Nimeifungua. Ile grisi yako imekamata mchanga mwembamba, imekuwa uji, na chini yake kuna kutu. Nimefuta kwa kitambaa nikapaka nyingine juu. Nimemwambia Bwana, akasema, “Si ndiyo uliyochagua mwenyewe?”, akaenda zake.

Wageni wake wanakuja, wanataka tewa. Je, niendelee nayo, au kuna namna ya kuitengeneza? Ninangoja jibu lako, lakini nikiitwa nitakwenda.

Khisa

---

Nakuru,
9 Septemba 1956

Khisa,

Leo jioni ndiyo tumerudi kutoka Kimilili, kwenye tohara. Situma amesimama kiume, wazee wamefurahi, hayo nitakuandikia siku nyingine. Barua yako nimeikuta imelala hapa chini ya mlango tangu mwezi uliopita. Sijavua hata koti.

USIIJAZE. Usiisukume tena hata mara moja. Chuma kinachoguguna ndicho hicho nilichokuambia, kinalia. Yale meno madogo ndani ya triga yanayoushika mkuki yamelika, au mchanga umeyazuia yasishuke yote. Ukisukuma mkuki yatashika kwa ncha tu, kisha yataachia, na mikono yako iko mbele ya mdomo. Ulisema hivyo tangu mwanzo. Uliniambia unatazamana na mdomo wake nami nikakucheka.

Hakuna cha kutengeneza kwa barua. Ingekuwa hapa mezani pangu ningeifungua kabla chai haijapoa. Itupe baharini. Mwambie Bwana mimi ndiye niliyeharibu, anidai mimi fedha zake.

Grisi ile haikuwa ya mchanga. Sijawahi kuuona huo mchanga, Khisa. Sijui hata ulivyo.

Jibu hata kwa maneno mawili.

Dalmas

---

Kilifi,
14 Oktoba 1956

Kwa Mjomba Dalmas Khaemba,

Salamu sana. Mimi Khisa mzima wa afya. Namsalimu mama. Huku kazi ni nyingi, ndiyo sababu sikuandika. Hongera kwa Situma. Hali ya hewa ni nzuri. Msiwe na hofu yoyote.

Wako mtiifu,
Khisa

---

Nakuru,
28 Oktoba 1956

Khisa,

Nimepata karatasi yenye jina lako. Mwandiko si wako. Wewe hujawahi kuniandikia “wako mtiifu” tangu uzaliwe, na hujawahi kunieleza habari za hali ya hewa bila kuilaumu.

Nimemsomea mama yako. Alisikiliza, akauliza, “Ni hayo tu?” Nikasema ndiyo. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, nikaongeza ya kwangu, kwamba unaulizia kuku wake. Alishukuru.

Bunduki iko wapi? Niambie hilo tu.

Nimeomba ruhusa nije. Wameninyima mpaka mwakani, nimetoka likizo juzi. Kipkemei amehamishiwa njia ya Kisumu, kwa hiyo sina mtu wa kumtuma aje akuone kwa macho. Usiku ninalala hapa nikiiunga ile triga kichwani, kipande kwa kipande, na kila mara ninafika pale pale.

Dalmas

---

Kilifi,
3 Februari 1957

Mjomba,

Usiudhike na herufi, ninajifunza upya. Karatasi nimeikandamiza kwa jiwe. Ile ya kwanza aliniandikia Kazungu, mpishi. Nilimwambia aandike kwamba ni mzima na yeye akaona haitoshi akaweka hali ya hewa.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, kabla barua yako haijafika. Ilinifikia nikiwa hospitali, muuguzi akanisomea. Alipofika pale ulipoandika kwa herufi kubwa alinitazama, akakunja karatasi, akasema ataendelea kesho.

Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya kiunoni. Nilisukuma, nikasikia “ta” nusu. Nikataka kutoa mkono wa kulia, mkuki ukafyatuka. Ncha iliingia kiganjani ikatoka juu ya kifundo. Ile miiba ya nchani, ya kumzuia samaki asichomoke, ndiyo iliyoharibu, wakati wa kuitoa. Daktari alijaribu kuuokoa, ukaoza. Umekatwa juu kidogo ya kifundo. Sasa vinaniwasha vidole ambavyo havipo.

Usimwambie mama. Mwambie nina homa, au lolote. Wewe ni hodari wa kuongeza.

Sitaki uandike kwamba ni kosa lako. Ukiandika hivyo sitasoma.

Sasa nina swali, na wewe ndiwe mtu pekee ninayeweza kumwuliza. Bwana amesema atanikalisha mpaka mvua ya masika. Baada ya hapo nikiwa siwezi kuzama nirudi kwetu. Kwetu ni wapi? Njoro imeuzwa, Kimilili sina shamba. Hapo landhi mmebanana. Na mwenye mkono mmoja huko bara anafanya nini, Mjomba? Anafungua geti. Anakaa kwenye kiti cha askari akisalimia magari. Lakini chini ya maji nimejaribu, ninakwenda vizuri kama zamani. Miguu ndiyo inayoogelea. Mkono mmoja unatosha kulenga. Kinachonishinda ni kujaza tu.

Nichagulie. Ni bunduki gani inayoweza kujazwa kwa mkono mmoja?

Nimewatumia samaki kwa treni. Nimefunga mwenyewe.

Khisa

---

Nakuru,
10 Machi 1957

Mpwa wangu Khisa,

Hatujambo hapa. Mama Situma anakusalimu, amelia sana, maana yeye nilimwambia. Situma amekua, anavaa viatu vyangu. Mvua bado.

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Ya kwanza nilikuamuru uje nyumbani. Nikaona, nikikuamuru na nikanyamaza juu ya hilo swali, utajaribu mwenyewe, utaushika mkuki kwa meno. Nakujua. Sina namna ya kukuzuia kutoka hapa. Kwa hiyo ninakujibu, Mungu anisamehe, maana sijui kama ninakusaidia au ninakumaliza.

Chukua ya mpira. Iwe fupi. Kosgei alikuwa na haki tangu siku ile, nami nimemwambia hivyo mbele ya karakana nzima, hakucheka. Nimekufulia ndoano ya chuma yenye mshiko wa mbao, imo katika kifurushi hiki. Kitako kiweke tumboni, ukibane kwa kile kiwiko cha kulia, mshiko ushike kwa kushoto, tia ndoano katikati ya mpira na uvute kuja kifuani. Mwili wako wote utakuwa nyuma ya ncha. Nimejaribu hapa kwa mti na mpira wa breki, mkono wangu mmoja nimeuweka mfukoni. Inawezekana. Kila wiki ukunje ule mpira na kuutazama, ukiona ufa hata mdogo kama unywele, utupe. Usipake kitu chochote. Usinisikilize mimi juu ya kitu ambacho sijakiona, mwulize mtu wa huko anayeishi na chumvi.

Sasa ya mama yako. Nilimwambia una homa. Alisema pole. Siku ya pili gunia lako likafika. Alilipokea mwenyewe mlangoni, akapitisha vidole kama kawaida yake kutafuta mshono, na mshono haukuwepo. Ulikuwa umelifunga kwa kamba. Akaligeuza juani, akaishika ile kamba karibu na jicho. Mimi nilikuwa nikinawa uso. Akaniita.

“Dalmas, kamba hii imekazwa kwa meno.”

Nikaja na uso wenye maji. Akaniuliza, “Ni mkono gani?”

Nilikuwa na ile homa ya uongo tayari mdomoni, na maneno mengine. Nikamwambia wa kulia.

Hakupiga kelele. Alikwenda akatoa lile gunia la zamani chini ya mto, na sindano yake ya magunia aliyotoka nayo Njoro. Tangu siku ile anakaa mlangoni, mkono wake wa kulia ameufunga kwa leso mgongoni, fundo nilimfungia mimi. Gunia analibana kwa magoti, uzi anautia tunduni kwa meno, na anashona kwa kushoto. Kisha anafumua, anaanza tena. Majirani wanadhani amerukwa na akili. Nimemwomba apumzike, ameniambia kwamba wewe alikufundisha kwa mkono ambao sasa huna, kwa hiyo lazima ajue kwanza huu mwingine ndipo akufundishe.

Hataki nikuandikie kwamba analia. Anataka nikuandikie kwamba mpaka leo mshono wake bado unapinda, na kwamba usione haya wako ukipinda.

Mjomba wako,
Dalmas